MAMBO YA MOTOKAA: Plagi Iliyofichika Ndiyo Itakayo Subira

Katika njia panda ya Ahero, mahali ambapo barabara ya Kisii huachana na ile iendayo Kericho na Nairobi, hupita magari ya kila namna: malori yaliyopakia mchele, mabasi madogo ya abiria, na pikipiki zisizo na idadi. Mara moja moja hupita pia Peugeot 404 au 504, mzee wa barabara hizo, akiwa amepakwa rangi mara tatu au nne lakini bado anakwenda kwa nguvu zake mwenyewe.

Motokaa hizo hazikupata heshima yake bure. Peugeot 404 ilianza kuuzwa mwaka 1960, nayo ikashinda mashindano ya East African Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 mvua na matope viliyashinda magari karibu yote, hata yakafika mwisho magari 7 tu kila mara. Na mara zote mbili la kwanza lilikuwa 404 iliyoendeshwa na Nick Nowicki pamoja na Paddy Cliff. Baada ya hapo 404 na 504 zilichukua abiria miaka mingi kati ya Kisumu na Nairobi, mpaka mabasi madogo ya Kijapani yakashika nafasi yao. Zilizosalia sasa zimo mikononi mwa wakulima, walimu waliostaafu, na watu wapendao vitu vya zamani.

Mwenye motokaa ya namna hii hana budi kujua jambo moja juu ya injini yake. Injini hiyo haikusimama wima, bali imelazwa upande kwa pembe ya digrii 45, ili boneti iwe ya chini. Tena plagi zake hazionekani kwa nje kama zile za magari mengine mengi ya zamani. Zimezama ndani ya mashimo marefu, na waya wa kila plagi hushuka kuifikia kwa kipande kirefu kigumu kisichopitisha umeme. Macho hayaoni vizuri chini ya shimo, na vidole havifiki. Iliyo ngumu kuliko zote ni ile ya nyuma kabisa, karibu na ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva.

Kwa sababu hiyo imezuka desturi mbaya. Fundi mwenye haraka hubadili plagi tatu za mbele, kisha humwambia mwenye gari, “Mzee, hizi tatu zimetosha, ile ya nyuma bado ni nzima.” Mzee hulipa na kuondoka. Baada ya majuma machache injini huanza kukohoa, nayo hushindwa na mlima mdogo.

Yafaa kufahamu madhara ya plagi moja iliyokufa. Injini ya silinda nne huwa imepoteza silinda moja nzima, lakini petroli huendelea kuingia humo bila kuungua. Petroli hiyo huosha oili iliyo katika kuta za silinda, kisha huteremka na kuichanganya oili iliyo chini, ikawa nyepesi. Vyuma husuguana na kulika. Hivyo mtu aliyeokoa bei ya plagi moja hujikuta akitengeneza injini nzima. Tena kuna hatari nyingine isiyopimwa kwa fedha. Wakati wa mvua udongo mweusi wa Kano hushika magurudumu kama gundi, na mto Nyando hufurika. Mgonjwa anayepelekwa hospitali Kisumu usiku hawezi kungoja gari lipate nguvu.

Basi kazi hii na ifanywe yote, nayo ifanywe kwa taratibu.

Kwanza, injini iwe baridi kabisa. Kichwa cha injini ya Peugeot kimetengenezwa kwa alumini, na alumini ikiwa moto hesi zake huharibika upesi mtu anapoifungua plagi kwa nguvu. Afadhali gari lilale, kazi ifanywe asubuhi.

Pili, kila waya utiwe alama kabla ya kuondolewa, na plagi zibadilishwe moja moja. Hapa wengi hukosea. Mafundi waliozoea magari ya Kiingereza huhesabu silinda ya kwanza kutoka mbele, karibu na rediyeta. Peugeot huhesabu kutoka nyuma, upande wa klachi. Kwa hiyo ile plagi ya nyuma, iliyo ngumu kufikiwa, ndiyo nambari moja. Waya zikichanganywa injini haitawaka, au itawaka kwa kishindo.

Tatu, shimo lisafishwe kabla ya kulegeza plagi. Vumbi la barabarani na punje za mchanga hukusanyika chini, na plagi ikitoka huanguka ndani ya silinda. Pampu ya baiskeli yenye mpira mrefu yatosha kupuliza uchafu huo. Shimo likiwa na maji, gari limeoshwa vibaya au limepita katika mafuriko. Maji hayo peke yake yaweza kuuzima moto wa plagi. Likiwa na oili, huenda mpira wa kuziba umechakaa, nao utafutiwe mwingine.

Nne, itumike spana ya plagi iliyo ndefu, iingie shimoni ikiwa imenyooka. Spana ikiinama huivunja kauri nyeupe ya plagi. Plagi ikikataa kutoka isilazimishwe. Itiwe mafuta mepesi ya kulegeza kutu, iachwe kwa muda, kisha izungushwe kidogo mbele na kidogo nyuma mpaka ikubali.

Tano, plagi za zamani zisitupwe kabla ya kutazamwa. Zipangwe mezani kwa utaratibu wa silinda zake. Yenye rangi ya kahawia au kijivu hafifu imetoka katika silinda yenye afya. Yenye masizi meusi makavu yaonyesha kwamba petroli inaingia kwa wingi mno, au moto wa plagi ni dhaifu. Iliyolowa oili yaonyesha kwamba ringi za pistoni au vizibo vya vali vimechoka. Iliyo nyeupe kama chokaa yaonyesha joto kupita kiasi.

Sita, plagi mpya zipimwe nafasi kati ya ncha zake mbili, hata kama zimetoka dukani siku ile ile. Nafasi ya kawaida kwa injini hizi ni kama milimita 0.6, lakini kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa.

Sasa yafuata jambo lililo kubwa kuliko yote. Kutoa plagi si hatari kama kuirudisha. Mtu asiyeona chini ya shimo akiishika plagi kwa spana na kuikaza mara moja, anaweza kuiingiza upande. Chuma cha plagi ni kigumu, alumini ni laini, nazo hesi za kichwa hukatwa mara moja. Hapo kichwa cha injini hufunguliwa, tundu huchongwa upya na kutiwa hesi za chuma. Kazi hiyo ni ya siku nyingi, na vipuri vya motokaa za zamani havipatikani kila duka.

Dawa yake ni kipande cha mpira wa petroli chenye urefu wa dhiraa moja hivi. Ncha ya juu ya plagi huchomekwa katika mpira huo kwa kubana, kisha plagi huteremshwa na kuzungushwa kwa vidole kwa kuushika mpira. Plagi ikiwa imenyooka itaingia bila ubishi. Ikiwa imeinama, mpira utateleza wenyewe kabla hesi hazijaumia, na mtu ataanza tena. Ikiisha kushika mizunguko kadhaa, ndipo spana itumike. Plagi mpya yenye washa yake ikigusa mwisho huongezwa kama nusu mzunguko tu.

Baada ya hayo waya hurudishwa, na injini huwashwa na kusikilizwa. Mlio wake ukiwa sawasawa, bila kukohoa, kazi imekamilika.

Kazi yote yaweza kuchukua asubuhi nzima, na nusu ya muda huo ni wa plagi ile moja ya nyuma. Mwenye gari asione uvivu kusimama karibu na kuzihesabu plagi za zamani zilizotolewa. Zikiwa nne, amlipe fundi kwa moyo mkunjufu. Zikiwa tatu, amwombe kwa upole arudi kazini, kwa maana asiyeziba ufa hujenga ukuta.