TAZARA: Kazi Iliyokwisha Mapema, Haja Iliyosubiri

Kila mradi huzaliwa na haja. Haja huzaa lengo, lengo huzaa mpango, na mpango huzaa kazi. Mwisho wa kazi hupatikana kitu kinachoonekana kwa macho: daraja, bwawa au reli. Watu wengi hudhani kuwa hapo ndipo mradi unapokwisha. Historia ya Reli ya Uhuru, iziunganishayo Tanzania na Zambia, yatufunza kwamba hubaki hatua moja nzito.

Haja yenyewe ilikuwa dhahiri. Tarehe 11 Novemba, 1965, walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao. Zambia, nchi isiyopakana na bahari, ilikuwa ikipitisha shaba yake katika reli za walowezi hao hao. Wataalamu wa Benki ya Dunia walikuwa wamekwisha kutoa shauri kwamba reli ya kwenda Dar es Salaam haitalipa. Wao walipima faida ya fedha. Rais Nyerere na Rais Kaunda walipima usalama wa mataifa yao. Mizani ya mradi hutokana na haja iliyouzaa, na kwa hiyo haja hiyo haina budi kutajwa waziwazi tangu mwanzo.

Mwaka 1967 China ilikubali kutoa mkopo usio na riba, na ujenzi ukazinduliwa mwaka 1970. Hata upana wa njia ulichaguliwa kwa kuifuata haja. Reli za zamani za Afrika Mashariki zina upana wa milimita 1,000. TAZARA ilipewa milimita 1,067 ili mabehewa yake yaendelee moja kwa moja katika reli za Zambia. Baina ya Mlimba na Makambako wajenzi walitoboa milima na kuvuka mabonde. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha yao katika kazi hiyo. Mwaka 1975 kilomita zote 1,860 zilikuwa zimetandikwa reli, kabla ya muda uliopangwa, na mwezi Julai 1976 reli ilikabidhiwa rasmi.

Kwa hesabu ya ujenzi, ushindi ulikuwa kamili. Kwa hesabu ya haja, mambo yalikuwa mengine. Reli ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Kiasi hicho hakijapata kufikiwa. Injini za awali zilielemewa na milima, mabehewa hayakutosha, na bandari ya Dar es Salaam ikasongamana mizigo. Mwezi Oktoba 1978 Zambia, iliyokuwa ikihitaji mbolea kabla ya mvua, ililazimika kuifungua tena njia ya Rhodesia. Mwaka uliofuata majeshi ya Rhodesia yalilipua daraja la reli la Chambeshi.

Kisha haja yenyewe ikabadilika. Zimbabwe ilipata uhuru mwaka 1980, na utawala wa makaburu ukaondoka Afrika Kusini mwaka 1994. Njia za kusini zikawa huru, na TAZARA ikajikuta ikishindania mizigo bila injini za kutosha wala fedha za matengenezo. Kufikia mwaka 2015 ilikuwa ikibeba chini ya tani laki moja kwa mwaka. Mkataba wa ukarabati uliotiwa saini mwaka 2025 baina ya nchi hizo mbili na kampuni ya Kichina ni kiri ya kwamba matengenezo yaliyoahirishwa hulipwa baadaye, tena kwa bei kubwa.

Sisi wa Uganda tuna sababu ya kuyatafakari hayo. Mwezi Oktoba 2024 serikali yetu ilitia saini mkataba wa kujenga reli mpya ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Wananchi watahesabu kilomita, na ni haki yao. Lakini tangu sasa yafaa wahesabu pia mafundi wanaofunzwa, vipuri vinavyowekwa akiba, na fungu la bajeti la matengenezo. Mfanyabiashara wa Kampala haihitaji reli kwa ajili ya kuitazama. Ahitaji shehena yake ifike kwa wakati na kwa nauli nafuu. Siku hiyo ikifika, na ikiendelea kufika mwaka baada ya mwaka, ndipo tutakaposema kuwa mradi umezaa matunda.