Ushirika upime ghala kabla ya kununua mtandao

Msimu wa mavuno ukifika, karani wa ghala huandika kilo za mkulima kwenye daftari. Daftari hupelekwa ofisini, ambako mhasibu huziingiza upya kwenye kompyuta. Namba moja huandikwa mara mbili, na kila inapoandikwa inaweza kukosewa. Anayeumia ni mkulima, kwa kuwa hulipwa kwa namba iliyofika mwisho.

Dawa yake ni kuunganisha kompyuta ya mzani na ya mhasibu. Viongozi wengi wa vyama vya msingi husita wakidhani mtandao ni lazima uwe intaneti, yenye malipo ya kila mwezi. Si kweli. Kompyuta mbili, kifaa kidogo kiitwacho swichi na waya vinatosha kupeana hesabu hata siku ambayo intaneti imekatika.

Swali linalobaki ni waya au mawimbi.

Mtandao wa waya uitwao Ethernet ulibuniwa mwaka 1973 katika maabara ya kampuni ya Xerox nchini Marekani, na hadi leo ndio unaotegemewa maofisini. Hausumbuliwi na kuta, na mpita njia hawezi kuunasa kwa simu yake. Hata hivyo, kebo moja ya shaba haipaswi kuzidi mita 100. Aidha, panya huitafuna, na ikipita nje kati ya majengo mawili, radi inaweza kuunguza vifaa vya pande zote. Hapo mkongo wa nyuzi za kioo ni salama zaidi, kwani kioo hakipitishi umeme.

Wi-Fi, ambayo kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 1997, hutumia mawimbi ya redio. Ni rahisi kufunga na haihitaji kutoboa ukuta. Lakini bati huyarudisha mawimbi hayo, na magunia ya nafaka yaliyopangwa hadi juu huyapunguza nguvu. Ndiyo maana mtandao uliojaribiwa ghala likiwa tupu unaweza kukwama msimu ukipamba moto, siku ambayo foleni ya wakulima ni ndefu kuliko zote.

Kwa hiyo busara ni kutochagua kimoja tu. Mashine isiyohama, kama kompyuta ya mzani, ipewe waya. Maofisa wanaozunguka na simu watumie Wi-Fi yenye neno la siri, na wageni watengewe yao. Ghala likiwa ng'ambo ya barabara, antena mbili zinazotazamana zinaweza kufaa, mradi pasiwe na mti au jengo katikati.

Kabla ya kusaini mkataba, kamati idai mambo matatu kwa fundi: mchoro wa mahali kila waya unapopita, jaribio la pili ghala likijaa, na maneno yote ya siri yakabidhiwe kwa chama. Fundi akiondoka nayo, chama kitakuwa mateka wake.

Fedha zitakazotumika ni jasho la wanachama. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la leo ni kompyuta, nayo ikiwa imefungiwa peke yake ofisini, mkulima aliye kwenye mzani hana cha kuhakiki.