Mwezi Mmoja Usiolipwa

Miongoni mwa simu tunazopigiwa usiku na wanajumuiya wetu, zile zinazoanza kwa sauti ya chini sana ni za leseni. Kijana katoka sherehe, kapimwa ulevi kapita 0.08, kalala mahabusu, na sasa mama yake anauliza: je, gari haliwezi kuandikwa kwa jina la shangazi ili bima isipande? Jibu letu ni hapana.

Hapa Texas, anayehukumiwa kwa kuendesha akiwa amelewa, au kwa kukamatwa tena bila bima, hufungiwa leseni, na harudishiwi mpaka awe na SR-22. Wengi hudhani hiyo ni aina ya bima. Siyo. Ni cheti ambacho kampuni ya bima inakipeleka kwa jimbo kuthibitisha kwamba unayo walau bima ndogo: dola 30,000 kwa kila utakayemjeruhi, 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, na 25,000 kwa mali utakayoharibu. Cheti kinatakiwa kwa miaka 2 tangu siku ya hukumu. Nacho kinamfuata mtu, hakifuati gari. Ndiyo maana jina la shangazi halimsaidii kijana. Linamwingiza shangazi tu katika kesi isiyo yake siku kampuni itakapogundua kwamba dereva alifichwa na kukataa kulipa. Aliyeuza gari naye hajaepuka cheti hiki: yupo wakala atakayemuuzia bima ya dereva asiye na gari, na SR-22 ikatolewa juu yake.

Cheti chenyewe si ghali. Kinachouma ni bima, maana dereva huyu sasa anahesabiwa kuwa hatari, na kampuni nyingine hazimtaki kabisa. Asikate tamaa. Aliyekataliwa na kampuni 2 anaweza kuomba kupitia TAIPA, mpango unaowagawa madereva wa namna hii kwa kampuni za bima za jimbo. Anayetegemea gari kufika kazini aombe mahakamani leseni ya muda, inayomruhusu kuendesha saa 4 kwa siku, hata 12 akionyesha sababu. Hiyo nayo haitolewi bila SR-22.

Hatumtetei mlevi barabarani. Aliyegongwa ndiye mwenye haki ya kwanza katika habari hii, na bima ipo kwa ajili yake kabla ya kuwa ya dereva. Kwa sababu hiyo hiyo tunaogopa kuliko yote mwezi mmoja wa bima usiolipwa. Bima ikikatika, kampuni inalijulisha jimbo, na leseni inafungwa tena. Zamu ya ghala inaanza saa kumi alfajiri, basi hakuna, kodi ya nyumba inasubiri. Ndugu yetu anawasha gari hivyo hivyo, bila leseni na bila bima, na akimgonga mtu hakuna wa kumlipa. Yeye mwenyewe amejiongezea kosa jingine, na asiye raia tunamsihi aonane na wakili wa uhamiaji kabla ya kukubali kosa lolote mahakamani.

Jumuiya yetu ikipata msiba, michango ya kusafirisha mwili hutimia kwa siku chache. Hatujawahi kumchangia mtu bima ya mwezi, kwa kuwa hajawahi kusimama mbele yetu akaomba. Anaona aibu, na aibu hiyo tumeilea sisi kwa maneno yetu kwenye sherehe na vikao.

Tunapendekeza kwa kikao kijacho sehemu ndogo ya mfuko wa dharura itengwe kwa mkopo wa mwezi mmoja wa bima, bila riba, kwa mwanachama mwenye SR-22. Aende kwa mweka hazina kabla tarehe ya malipo haijapita. Mweka hazina ailipe kampuni moja kwa moja, na jina la mkopaji lisisomwe kikaoni.