Kabla hujafunga boksi la madaftari

Mama zangu mlioko ughaibuni, mwezi wa nane ndio huu. Maduka ya huku Uingereza yamejaa vifaa vya shule vya bei nafuu, na najua baadhi yenu boksi limeshakaa wazi sebuleni: madaftari, penseli za rangi, begi la mwaka jana, vyote viende shule ya kijijini Tanzania. Nia ni njema kabisa. Ila leo naomba niseme msimamo wangu wazi: madaftari usiyapakie. Yanunue kulekule.

Tuanze na hali yenyewe. Tangu Januari 2016, shule za serikali Tanzania hazitozi ada kuanzia elimu ya msingi hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 wakaongezwa kidato cha tano na cha sita. Ni jambo kubwa, tusilibeze. Lakini bila ada si bila gharama. Sare, viatu, madaftari na kalamu bado ni juu ya mzazi. Mwenye watoto wanne anazidisha kila kitu mara nne, tena Januari, mwezi ambao sehemu nyingi za vijijini akiba ya chakula nayo imeanza kupungua.

Kwa hiyo msaada unahitajika. Swali ni wa namna gani.

Daftari la kule lipo dukani kule. Mwalimu wa msingi anataka la mistari na la miraba kwa ajili ya hesabu. Wa sekondari anataka kaunta buku. Wewe unatuma madaftari yenye katuni, mazuri kweli, lakini siyo aliyoagiza. Halafu boksi la meli unalilipia kwa ukubwa wake, likifika kuna mambo ya bandari, kuna gari la kulifikisha wilayani. Hebu piga hesabu, yote hayo kwa karatasi ulizonunua kwa paundi chache! Na yule mwenye duka la vifaa pale mjini, naye ana watoto wanaosoma. Pesa yako ikipita kwake imesaidia nyumba mbili.

Sasa niongee kama nesi. Tukisema vifaa vya shule, akili inakimbilia kalamu. Mimi naanzia miguuni. Minyoo ya safura huingia mwilini kupitia ngozi, hasa mtoto anapokanyaga peku udongo uliochafuliwa na kinyesi. Ikishafika tumboni inanyonya damu. Mtoto anapungukiwa damu, anachoka, anasinzia darasani, watu wanamwita mvivu. Dawa za minyoo hutolewa shuleni, ndiyo, lakini mtoto akirudi kutembea peku anaweza kuambukizwa tena. Kwa hiyo jozi ya viatu ni kifaa cha shule, sawa na penseli.

Kingine ni taulo za kike. Tanzania iliondoa kodi ya VAT kwenye pedi mwaka 2018, ikairudisha 2019. Binti asiye na pedi anabaki nyumbani, au anakaa darasani akiogopa kuinuka kwenda ubaoni. Na kabla hujanunua pedi za kufua, uliza kwanza: shule ina maji? Kuna sabuni? Kuna pahali pa kuzianika juani bila aibu? Kama hakuna, anza na hayo.

Na tafadhali, jamani, dawa zilizobaki kabatini kwako zisiingie kwenye boksi. Hata sirapu ya homa. Dawa haitolewi kwa huruma, inatolewa kwa kipimo.

Najua utaniambia, "Dada nesi, pesa zitaliwa." Hofu hiyo naielewa, lakini ina njia. Ongea na mwalimu mkuu na kamati ya shule, wakupe orodha. Lipa duka moja kwa moja, siyo mkononi mwa mtu. Omba risiti, na kamati isaini idadi iliyopokelewa. Kwani hilo boksi nalo haliwezi kupotea njiani?

Wengine mtasema mnataka watoto wenu wa huku wajifunze kutoa. Vizuri sana! Wape ile orodha wasome. Waone kwamba mwenzao anaomba sabuni na soksi. Wachangie kutoka kwenye pesa zao za pipi. Hapo wamejifunza kumsikiliza mtu kabla ya kumpa, na hilo ndilo somo.

La mwisho linaniuma zaidi. Toeni kwa darasa zima, hata kama ni daftari moja moja, kuliko kuchagua "maskini watano" na kuwasimamisha mbele ya wenzao. Na picha muache. Mtoto akipokea viatu hadaiwi tabasamu. Je, wewe ungekubali mwanao apigwe picha akipewa chupi, irushwe mtandaoni na watu usiowajua waweke kopa? Basi na yule ana mama yake.

Shule zinafungua Januari. Ukipiga simu kwa mwalimu sasa, orodha ikapatikana, pesa ikafika dukani kabla ya Desemba, mtoto ataanza muhula akiwa na viatu mguuni na daftari lenye miraba.

Haya, niambieni hapo chini: shule yenu mmeiuliza inahitaji nini?