Kabla ya paa jipya la soko, tuonyeshwe hesabu

Siku hizi picha za masoko ya kisasa hufika kabla ya saruji. Mtu huzitupa kwenye kundi la WhatsApp asubuhi, na kufikia adhuhuri mji mzima umeshaziona: paa jeupe limepinda kama mgongo wa wimbi, nguzo chache nyembamba, sakafu inang'aa, na watu wawili watatu wanatembea bila haraka. Hamali hayumo. Mkokoteni haumo. Ng'onda na papa mkavu hawamo, wala mama wa mchicha aliyeketi chini na beseni lake.

Mapaa ya namna hii hayachorwi tena kwa rula na penseli. Hubuniwa kwa programu za kompyuta ambazo hutafuta umbo litakalobeba mzigo kwa vifaa vichache iwezekanavyo. Niseme mapema kwamba siyapingi. Kwa masoko yaliyo ndani au kando ya miji yetu ya kale, kama soko la Lamu ubavuni mwa Ngome, au Marikiti hapa Mombasa, naona paa jepesi lina busara kuliko jengo la zege la ghorofa tatu. Ninachotaka tuulize ni kompyuta hiyo imeambiwa nini kabla ya kutoa picha.

Tuanze na uzito. Wazee wetu walijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba. Boriti haikuweza kuvusha dari la udongo na mawe zaidi ya mita tatu hivi. Kuta zile ni nene na hustahimili vizuri mzigo unaoshuka wima. Kusukumwa kwa upande hazikuwezi. Ukizitwika zege, au paa la upinde ambalo miguu yake haikufungwa, nyufa zitakuja. Hapo ndipo wepesi unapokuwa na maana: paa linaweza kusimama kwa nguzo zake lenyewe, likapita juu ya kuta za zamani bila kuzitwisha chochote.

Elimu hii ina umri kuliko kompyuta. Shika mnyororo kwa ncha mbili, uache uning'inie. Umbo linalopatikana ni la mvuto mtupu. Ligeuze juu chini, na utapata upinde unaojibeba wenyewe bila kuhitaji unene mkubwa. Mjerumani Frei Otto alifanya hivyo kwa wavu wa minyororo midogo, akaupima na kuupiga picha, na mwaka 1975 ukasimama ukumbi wa Multihalle mjini Mannheim: wavu wa mbao za sentimita 5 kwa 5 tu, unaovuka hadi mita 60. Boriti yetu ya kawaida ni nene kuliko mbao hizo. Wahandisi, ili waridhike, waliutundikia mapipa ya taka yaliyojazwa maji waone utashuka kiasi gani. Leo kazi ya minyororo hufanywa na kompyuta kwa dakika chache, na mamia ya maumbo hujaribiwa kabla ya chai ya saa nne.

Waliokwenda Hija au Umra wameshakaa chini ya kazi ya ukoo huo huo. Miavuli mikubwa 250 iliyoko uwanjani mwa Msikiti wa Mtume, Madina, ilibuniwa na ofisi ya Mahmoud Bodo Rasch, aliyefanya kazi na Frei Otto. Kitambaa kimevutwa pande zote, mwavuli hufungwa na kufunguliwa, na maji ya mvua hushukia ndani ya nguzo. Fundi wa tanga wa Lamu hatashangaa. Anajua kwamba kitambaa kilichokatwa vibaya hupigapiga hadi kichanike, na kilichokatwa sawasawa hushika upepo kikatulia. Sijasikia mradi wa soko uliomwita fundi kama huyo mezani.

Na angeitwa, neno lake la kwanza lingekuwa upepo. Watu huogopa kwamba paa jepesi litaanguka, lakini hatari yake kubwa ni kuruka. Aliyelala chini ya mabati yaliyolegea wakati wa kusi anajua. Upepo unaopita juu hulivuta paa kwenda juu, na kwa kuwa soko liko wazi pande zote, upepo mwingine huingia chini ukalisukuma kuko huko. Paa halina uzito wa kujishikilia, basi lazima lifungwe ardhini kwa misingi na vifungo vya kutosha, na hiyo ni gharama isiyoonekana kwenye picha. Kompyuta ikipewa upepo wa Nairobi itatoa jibu sahihi la Nairobi. Kisha kuna chumvi. Mahali vyuma vinapoungana ndipo panapoliwa kwanza na kutu, na paa la aina hii ni maungio mamia kwa mamia. Nani atayakagua kila mwaka, na kwa bajeti ipi? Mtaro wa soko unaoziba kila masika unatosha kutufanya tuulize.

Kuna faida moja ambayo ningeiweka kuwa sharti. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja ya maji. Mombasa hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, kwa hivyo paa la mita mraba 2,000 hupokea kama lita milioni mbili. Hazitakamatika zote, lakini hata nusu yake ingeosha meza za samaki miezi mingi bila kumngoja mwenye mkokoteni wa mitungi. Umbo la paa ndilo huamua maji yataelekea wapi, kwa hivyo jambo hili haliwezi kuongezwa baadaye.

Wenzetu wa Uhispania wametangulia, na nimefuatilia mambo yao kwa sababu yanatuhusu. Mjini Sevilla soko la zamani la uwanja wa Encarnación lilibomolewa mwaka 1973 na wachuuzi wakahamishiwa soko la muda. Muda huo ulidumu karibu miaka 40. Ubunifu wa Jürgen Mayer H., uitwao Metropol Parasol, ulichaguliwa mwaka 2004. Mwaka 2007, ujenzi ukiwa umeshaanza, wahandisi waliiambia manispaa kwamba hauwezi kujengwa ulivyochorwa, kwa kuwa mambo yaliyodhaniwa kuhusu vifaa hayakuwa yamejaribiwa. Ulifunguliwa mwaka 2011, gharama ikiwa imepita mbali makadirio ya kwanza. Ni jengo la kuvutia, na soko limo chini yake, lakini waliohama vijana walirudi na mvi.

Barcelona walifanya vyema zaidi. Soko la Santa Caterina la karne ya 19 liliachiwa kuta zake za nje, na juu yake likawekwa paa la mawimbi la Enric Miralles na Benedetta Tagliabue, lililovikwa vigae vya rangi za matunda na mboga. Likafunguliwa upya mwaka 2005. Kwangu huo ndio mfano wa kuigwa na mji wa kale. Hata hivyo vibanda vilipungua, na supamaketi ikaingia chini ya paa lilo hilo. Hilo halikuamuliwa na umbo la paa.

Katiba ya 2010 inataka umma ushirikishwe, na Lamu, iliyo kwenye orodha ya turathi za dunia ya UNESCO tangu 2001, haiguswi bila Makavazi ya Kitaifa. Lakini kikao cha saa mbili chenye projekta na chupa za maji hakitoshi. Wachuuzi waletewe hesabu ya upepo na kipimo kilikochukuliwa, mpango wa kukagua kutu, na orodha ya vibanda vya sasa, kila kimoja na mahali kitakaporudi. Na tukiambiwa kuna soko la muda, mkataba uandike tarehe mbili, ya kuhama na ya kurejea, pamoja na faini ya mkandarasi kwa kila mwezi utakaozidi.