Nyambizi ya India na bahari tuliyotaka iwe ya amani

JULAI 15, 2009, jirani zetu wa Burundi waliwasilisha hati ya kuridhia Mkataba wa Pelindaba, unaopiga marufuku silaha za nyuklia barani Afrika. Burundi ilikuwa nchi ya 28 kufanya hivyo, na kwa hatua hiyo mkataba uliotiwa saini Cairo mwaka 1996 ukaanza kufanya kazi.

Siku 11 baadaye, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika mji wa Visakhapatnam, Gursharan Kaur, mke wa Waziri Mkuu wa India wa wakati huo, Manmohan Singh, alipasua nazi kuizindua INS Arihant, nyambizi ya kwanza ya nchi hiyo ya kubeba makombora ya nyuklia.

Matukio hayo mawili hayakupangwa pamoja. Lakini kwa sisi tulio upande wa magharibi wa bahari hiyo, naona yanapaswa kutazamwa pamoja, kwa sababu la pili linatuonyesha mahali nguvu ya la kwanza inapoishia.

Arihant, jina la Kisanskriti lenye maana ya mwangamiza maadui, ilichukua miaka mingi kujengwa. Mradi wake ulianza kwa siri miaka ya 1980. Kati ya 1988 na 1991 India ilikodi nyambizi ya nyuklia kutoka Muungano wa Kisovieti, ikaiita Chakra, na mabaharia wake wakajifunzia humo. Mwili wa Arihant ulitengenezwa na kampuni ya Larsen & Toubro, na kinu chake cha nyuklia na Kituo cha Utafiti wa Atomiki cha Bhabha, kwa msaada wa wataalamu wa Urusi. Ina urefu wa mita zipatazo 110 na uzito wa tani zipatazo 6,000.

Hata baada ya kuzinduliwa, safari ilikuwa bado ndefu. Kinu kiliwashwa Agosti 2013, majaribio baharini yakaanza Desemba 2014, na Agosti 2016 ikaingia rasmi jeshini bila sherehe wala tangazo. Januari 2018 gazeti la The Hindu liliripoti kuwa ilikuwa imekaa bila kazi kwa miezi kadhaa baada ya maji kuingia kwenye sehemu ya mitambo, kwa sababu ya mlango ulioachwa wazi. Novemba mwaka huo Waziri Mkuu Narendra Modi alitangaza kuwa imemaliza doria yake ya kwanza. Oktoba 14, 2022 ilifyatua kombora la majaribio katika Ghuba ya Bengal, na Agosti 2024 nyambizi ya pili, INS Arighaat, ikajiunga nayo.

Kwa nini gharama na taabu yote hiyo? India imetangaza kuwa haitakuwa ya kwanza kutumia silaha za nyuklia. Nchi yenye ahadi kama hiyo inahitaji silaha zitakazosalia baada ya yenyewe kupigwa. Ndege na maghala ya nchi kavu huonekana kwa setilaiti, lakini nyambizi iliyo vilindini ni vigumu kuipata. Jirani zake, China na Pakistan, wana silaha hizo pia. Januari 2017 Pakistan nayo ilitangaza kuwa imefyatua kombora la Babur-3 kutoka chini ya maji, katika bahari hii hii.

Kombora la kwanza la Arihant, K-15, hufika kilomita 750 tu, hivyo lazima nyambizi isogee karibu na adui. Kombora la K-4 hufika kilomita zipatazo 3,500. Kadiri masafa yanavyoongezeka, ndivyo eneo la kujificha linavyopanuka.

Hapo ndipo Pelindaba inapoishia. Mkataba huo unalinda nchi kavu, visiwa na maji ya ndani ya mipaka yetu. Nje ya hapo unaheshimu uhuru wa bahari, na suala la meli za kigeni kutia nanga bandarini unaliacha kwa kila nchi iamue yenyewe.

Ikumbukwe kuwa tuliwahi kutaka zaidi. Desemba 1971 Sri Lanka na Tanzania zilipeleka hoja Umoja wa Mataifa ya kuitangaza Bahari ya Hindi kuwa eneo la amani. Nchi 61 ziliunga mkono, India ikiwamo. Hakuna iliyopinga, lakini 55 hazikupiga kura ya upande wowote.

Sisemi kwamba Arihant inavinjari karibu na Pemba, wala kwamba India ni adui. Aprili 2025 iliendesha na Tanzania mazoezi ya wanamaji Dar es Salaam, na meli zake tuliziona. Hofu yangu ni ajali. Februari 2009 nyambizi mbili za makombora ya nyuklia, Vanguard ya Uingereza na Le Triomphant ya Ufaransa, ziligongana katika Atlantiki. Ikiwa marafiki hawakuonana, mahasimu wataonana vipi? Jodari tunaowavua hawajui mpaka wa maili 12.

Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1986 unataka taarifa za haraka za ajali za vinu vya nyuklia, lakini taarifa za ajali za silaha zenyewe umeziacha kuwa hiari. India, Kenya na Tanzania zote ni wanachama wa Jumuiya ya Nchi za Mwambao wa Bahari ya Hindi. Naona nchi zetu zitumie kikao hicho kudai ahadi ya maandishi kuwa tutaarifiwa kila ajali, ya kinu au ya silaha, na zitangaze mapema kuwa nyambizi yenye silaha hizo haitatia nanga Mombasa wala Dar es Salaam. Rafiki wa kweli hatachukia kuulizwa, na ni afadhali tumuulize sasa, wakati bahari imetulia.