Chanjo kwa Wakimbizi: Hoja Zinazogombana Zenyewe

Umezisikia hoja zao, msomaji, redioni na vijiweni. Wanaopinga wakimbizi na wahamiaji kupata matibabu na chanjo sawasawa na wenyeji hawakosi maneno. Wanachokosa ni hoja mbili zinazoweza kukaa pamoja bila kugombana. Nimewasikiliza kwa makini. Hukumu ni yako.

Hoja wanayoipenda kuliko zote ni kwamba wageni wanatuletea magonjwa. Tuwape haki yao: vijidudu huvuka mpaka kweli. Mwaka 2023 mtoto mmoja mkoani Rukwa alipatikana na polio, na uchunguzi wa vinasaba ulionesha kwamba kirusi kile kilihusiana na kilichokuwa kikizunguka Kivu Kusini, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Hapo hatubishani. Lakini ziwa hilo huvukwa na wavuvi na wachuuzi wa kila aina, raia wetu wakiwamo. Na polio iliyozuka Somalia na eneo la kambi za wakimbizi za Dadaab, Kenya, mwaka 2013, ikawapata watu 194 Somalia na 14 Kenya, ilitokana na kirusi chenye asili ya Afrika Magharibi. Safari yote hiyo kirusi hakikuwa na kitambulisho cha mkimbizi. Tena tuseme kila kirusi huletwa na mkimbizi. Kinachofuata ni nini? Serikali ya Tanzania iliijibu polio ya Rukwa kwa kampeni iliyolenga watoto zaidi ya milioni 3 katika mikoa sita ya magharibi na kusini-magharibi. Anayedai kwamba wageni ni hatari kwa sababu wana magonjwa, kisha akataka wasichanjwe, ameitolea ushahidi kesi ya mpinzani wake.

Wengine wanasema chanjo ni za kwetu na zitatuishia. Wasiwasi huo si wa kipuuzi, lakini wanaousema inaelekea hawajakaa zahanati siku ya kliniki. Chupa ya chanjo ya surua na rubela huwa na dozi kumi. Nesi akishaichanganya na kimiminika chake, ana saa sita tu za kuitumia, kinachobaki hutupwa. Wakija watoto saba, dozi tatu zinakwenda na taka. Mtoto wa mama Mrundi anayekaa kwenye benchi akiwa wa nane amempokonya nani? Kambi yenye maelfu ya watoto ni habari nyingine: huhitaji mgawo wake, na mgawo huo hupangwa kwa kuhesabu watoto, si kwa kujifanya hawapo. Surua nayo huhitaji takriban watoto 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa ndipo isipate njia ya kuenea. Kijiji kinachoruka nyumba za wageni kinajipunguzia kinga chenyewe.

Kisha wanageuka: hii ni kazi ya UNHCR, Umoja wa Mataifa ulipe. Sawa, ulipe. Ila aliyesema hivyo ndiye aliyetuambia jana kwamba wakimbizi wanakula bajeti yetu. Achague moja. Hospitali za kambini Kigoma, Nyarugusu ikiwamo, zimekuwa zikiendeshwa kwa fedha za wafadhili, na wanavijiji wa jirani wametibiwa humohumo. Kwa miaka mingi mwenyeji amefaidi kitanda kilichowekwa kwa ajili ya mgeni. Kisha Marekani ikapunguza misaada yake mwaka 2025, na waliosema "wafadhili watalipa" hawajatuambia mpango wao ni upi wafadhili wakiondoka.

Kuhusu dai kwamba huduma nzuri huwavuta watu waje, sina haja ya maneno mengi. Nenda Kagunga, Mei 2015. Maelfu kwa maelfu ya Warundi waliokimbia vurugu za kisiasa walijazana katika kijiji hicho kidogo cha wavuvi, nyuma milima, mbele ziwa, wakisubiri MV Liemba iwapeleke Kigoma mjini. Kipindupindu kikawakuta pale, kesi zikapita 3,000, wakafa wakimbizi, wakafa na Watanzania. Huduma gani iliwavuta? Ufuoni hapakuwa hata na vyoo vya kuwatosha. Chanjo ya kipindupindu ilikuja baadaye, Juni, kambini Nyarugusu.

Hoja ya mwisho ndiyo inayoonekana ngumu: asiye na kibali apelekwe kwanza Uhamiaji, kliniki baadaye. Sheria ni sheria, wanasema. Basi tuitazame polio tena. Mtoto akilegea mguu ghafla, sampuli mbili za choo chake zinatakiwa zichukuliwe ndani ya siku 14 tangu kulegea kuanze. Mama anayeogopa kukamatwa mlangoni mwa zahanati atamficha mwanawe, na muda huo utapita bila mtaalamu yeyote kujua. Hasara ya hapo haiishii kwake, kwa sababu kirusi kinaendelea kusambaa kwa majirani wenye vibali vyao mfukoni. Ofisa wa Uhamiaji ana mahali pake pa kazi, na benchi la chanjo si mojawapo.

Nawaomba wanaopinga watuoneshe wilaya moja tu ya mpakani iliyowanyima wageni chanjo, kisha wenyeji wake wakawa salama zaidi. Katika yote waliyosema, hawajaitaja hata moja.